Majina Yaliyoitwa Mvuani

Consolée hakutaka kumwona mshtakiwa kwanza. Aliteremka kwenye pikipiki iliyomtoa Kabambare, kiuno kikimuuma na matope yamemganda hadi magotini, akamwambia polisi aliyekuja kumpokea, "Nipeleke kwenye ukuta."

Polisi huyo, Yves, mtu mzima mwenye mvi na buti zisizofanana, alishangaa. "Lakini shefu, muuaji iko humu ndani," akasema, akionyesha kasho, mahabusu ya chumba kimoja cha tofali chenye mlango wa mbao uliopinda. "Tulimukuta na beleshi, amepiga magoti juu ya maiti."

"Huyo hana pa kwenda. Ukuta ndio una miguu. Nikichelewa, zile tofali zitakuwa zimegeuka jiko la mutu."

Hakuwa anatania sana. Katika mji wa Kasongo, tofali la kale halilali chini siku mbili.

Mbele ya kasho watu walikuwa wamejaa, wengine wamekaa, wengine wamesimama na mawe mikononi. Katikati, juu ya mkeka, alikuwa Mama Deborah, mjane wa marehemu, sauti imemkauka kwa kulia. Alipomwona mgeni mwenye sare aliinua kichwa.

"Mutupatie huyo mutu," alisema. "Hatuombi kitu kingine. Mutupatie yeye mbele ya jua kulala."

Yves alinong'ona kwamba mlango wa kasho hauna komeo la maana, na wenzake wameenda kutafuta chakula wakasahau njia ya kurudi. Consolée alielewa. Alikuwa na mchana mmoja wa kujua nani alimwua Mwalimu Célestin. Ukipita huo, umati ungejipa jibu lake.

Kesi haikuwa yake. Yeye alikuwa OPJ, afisa wa upelelezi, wa Kabambare. Lakini mwenzake wa Kasongo alikuwa shemeji wa marehemu, na mwendesha mashtaka hakutaka ndugu amchunguze muuaji wa ndugu. Njiani alikuwa ameshapewa habari. Célestin, mwalimu mstaafu, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi iliyotaka kuufufua mji wa kale, ule mtaa wa katikati wenye nyumba za kuta nene zilizoanza kujengwa enzi za mababu. Kiangazi kizima alikuwa amepita mlango kwa mlango na kofia yake ya majani, akiuliza kila mtu anataka mtaa uweje. Nyumba kubwa iliyobaki bila paa waliamua iwe ukumbi wa mikutano. Sasa ukuta wa nyumba hiyohiyo umemfunika. Aliyekamatwa ni Mugisho, mchimba dhahabu kutoka upande wa Walungu, mpangaji wa chumba cha uani kwenye mtaa huohuo.

Kwenye nyumba walimkuta Octave, mwashi, makamu wa mwenyekiti. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mipana, na alianza kusema kabla hajaulizwa.

"Ni mvua iliangusha huu ukuta, shefu. Na kama si mvua, ni yule mugeni."

"Chagua moja, baba."

Octave alijifuta mikono kwenye suruali.

"Kwenye mukutano," Consolée aliendelea, "ni weye ulisema ukuta ubomolewe. Watu wakakukatalia. Ni kweli?"

"Ni kweli. Walisema ni ukumbusho. Niliwaambia ukumbusho utawaua. Walicheka." Jasho lilimtoka puani. "Lakini sikuugusa! Angalia mwenyewe chini."

Aliangalia. Alipiga magoti kwenye tope, akaufuata msingi kwa kidole tangu kona hadi kona. Mtu angekuwa amechimbua udongo kati ya tofali, pangekuwa na alama ya chuma. Hakuiona. Maji ya miaka, yaliyoshuka bila paa la kuyazuia, ndiyo yaliyoula ukuta huo, polepole, mpaka ukabaki umesimama kwa mazoea tu. Octave alikuwa amesema kweli kwenye mkutano, na kusema kweli si kosa la jinai.

"Tafuta muti mrefu," alimwambia. "Yves, saidia. Munyanyue kile kipande kikubwa."

Kipande hicho kilianguka kizima, chokaa yake juu, kipana kama mlango. Walikitia mti wakakipindua. Pembeni ardhi ilikuwa tope. Katikati palikuwa na vumbi, vumbi kavu jepesi, na jani la mwembe lililokauka bila kuloa. Consolée alilichota vumbi hilo kwa vidole akampulizia Yves kwenye kiganja.

"Mvua ilianza saa gani?"

"Watu walikuwa wanatoka kuswali magaribi," alijibu Octave. "Ilinyesha karibu usiku muzima."

"Basi ukuta ulianguka mvua haijaanza. Na kishindo hamukusikia?"

"Tulisikia. Tulizani ni radi."

Alisogea mpaka pale mwili ulipokuwa. Tofali zilizoondolewa juu ya marehemu hazikutupwa ovyo. Zilipangwa nyuma, safu juu ya safu, mbali na alipolala kichwa. Na juu ya pengo lile, kipande cha ukuta kilichokuwa kimening'inia kilishikiliwa na miti miwili, imesimamishwa, imekazwa kwa vijiwe chini ili isiteleze.

"Nani ameweka hizi nguzo?"

Yves aliugusa mti mmoja kwa ncha ya buti.

"Tulizikuta," Yves alisema.

"Baba Octave, weye ni mwashi. Mutu akitaka kuua mwenzake kwa ukuta, anaanza kuukinga usimwangukie?"

Mwashi aliangalia miguu yake. Consolée aliona anajua jambo, na akamwacha alibebe kidogo.

Hospitalini muuguzi Cadette alimfunulia shuka bila maneno mengi. Hakukuwa na jeraha la beleshi, wala la panga, wala la chochote chenye makali. Kifua kilikuwa kimebanwa, mguu umevunjika. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka hadi nyama, chokaa imejaa chini ya kucha.

"Alikufa haraka?"

"Hapana, mama." Cadette alirudisha shuka taratibu. "Walipomuleta asubui alikuwa angali na joto ya mwili. Huyu muzee alikaa pale usiku wote akiwa muzima."

Kituo kilichofuata kilikuwa kwa Glody, dereva wa pikipiki aliyemleta Mugisho kutoka Lusangi usiku ule. Alisema mvua iliwakuta porini, wakajibanza kanisani mpaka ilipopungua, wakaingia Kasongo usiku wa manane. Kanisa lilikuwa na mlinzi, na mlinzi, alipopigiwa simu, aliwakumbuka kwa sababu walimwomba moto.

Basi ukuta ulipoanguka, Mugisho hakuwa mjini. Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Mtu alilala chini ya tofali jioni hadi alfajiri, ana pumzi na ana kinywa, katikati ya mtaa ambao nyumba zake zinasikia jirani akipiga chafya. Consolée alirudi huko kwa miguu, na hasira ikaanza kumpanda kabla hajafika.

Iliasi, fundi cherehani, ukuta wake ulipakana na ule ulioanguka. Alikuwa mzee mpole mwenye kanzu safi, na hakuacha kukanyaga cherehani yake.

"Mvua, mama. Ni mvua tu. Bati likipigwa, hata azana husikii."

"Ilinyesha bila kupumzika?"

"Bila."

"Glody na abiria yake waliingia hapa mvua imetulia."

Cherehani ilisimama. "Basi nilikuwa nimelala."

Ng'ambo ya njia Mama Aziza alikuwa akikaanga mikate kwenye karai, watoto wake wamemzunguka. Alimpa OPJ kigoda, akampa na mkate, akaanza kumsifu marehemu. Mwalimu alikuwa mtu wa watu. Alikaa kwenye kigoda hichohicho akamuuliza yeye, muuza mikate, mama asiyejua kusoma, mfereji wa maji machafu upite wapi. Tangu azaliwe hakuna mkubwa aliyemuuliza kitu.

"Na usiku ule ulisikia nini?"

"Miye? Hata neno. Kwanza miye hakuniita, aliita Iliasi."

Mafuta yalichemka kwenye karai. Aziza aliendelea kugeuza mikate, mmoja, mwingine, mpaka mkono wake ulipoelewa kile ambacho kinywa kimesema, nao ukatulia.

"Nani aliita Iliasi, mama?"

Aziza alilisukuma karai pembeni ya moto.

"Sijakuambia kama mutu aliita. Hapa mutaani kila mutu ananiambia ni mvua."

"Watoto, muende inje," Aziza alisema. Walipotoka alikaa chini, akafunika uso kwa kanga. "Aliniita na miye. Aziza, Aziza, mwanangu, nisaidie. Sauti ilikuwa yake kabisa. Mungu wangu! Lakini ilikuwa inatoka mule ndani, shefu. Mule ndani ya nyumba ya watu wa zamani. Wazazi wetu walitufundisha nini? Usiku, kitu kinakuita jina kwa mbali, usiitike. Ukiitika umekwenda. Mutu mwenye uhai anakuja kubisha mulango."

"Na asiyeweza kufika mulangoni?"

Aziza alilia. Consolée hakumbembeleza. Hakumkemea pia, na alijua kwa nini: mama yake mwenyewe, huko Kabambare, alimfundisha maneno yaleyale, neno kwa neno, na yeye amewafundisha wanawe. Kama angelala mtaa huu usiku ule, angeitika? Swali hilo lilimkera akalitupa. Kazi ilikuwa inamngoja.

"Asubui mulipomukuta Mugisho na beleshi," alisema, "mulifurahi."

"Hapana!"

"Mulifurahi, mama. Kama kuna muuaji, basi nyinyi mulilala tu."

Jua lilikuwa limeinama alipofika kasho. Umati ulikuwa umeongezeka. Mtu alikuwa ameleta tairi kuukuu, akalilaza chini karibu na mlango bila aibu, na wanawake walikuwa wakimwita mjane ale kidogo: Mama Deborah, Mama Deborah, jikaze.

Ndani, Mugisho alikuwa amejikunyata kwenye kona. Alikuwa na mwili wa wachimbaji, mabega makubwa na mapaja membamba. Kucha mbili za mkono wa kushoto hazikuwepo, na mtu alikuwa amezifunga kwa kitambaa kichafu.

"Hivyo vidole walikufanya hapa?"

"Hapana, mukubwa. Ni tofali. Beleshi niliogopa itamukata, nikaiweka kando yangu, nikachimba na mikono."

"Ulijuaje iko mutu?"

"Alikuwa anaita. Nilishuka kwa pikipiki, nikasikia. Nilibisha kwa mwenye nyumba yangu, akaniambia lala, hiyo si sauti ya kuitikia." Alitikisa kichwa. "Kule kwetu kwenye mashimo, mutu akiita kutoka chini ya udongo, hakuna kuuliza ni mufu ao ni muzima. Unachimba. Ukikuta mufu, basi umekuta mufu."

"Ulimukuta muzima."

"Muzima. Niliweka miti, nikatoa tofali. Lakini kifua kilikuwa kimekwisha. Aliniuliza jina. Nikamuambia. Akasema, weye sikufika kwako. Ni kweli, mukubwa, hawakufika. Wapangaji hatukuulizwa. Nikamuambia, muzee, hiyo si kitu, pumua tu. Ilikuwa karibu kupambazuka. Akawa hapumui. Nikaanza kupiga kelele, na wakatoka wote."

"Wote?"

"Wote, na panga. Nilishangaa. Kumbe kulikuwa na watu."

"Alipokuwa anaita, aliita nani?"

"Majina ya watu. Sijui wenyewe ni akina nani. Hapa hakuna mutu aliniambia jina lake."

"Unayakumbuka?"

"Nitasahau namna gani? Aliyarudia, akayarudia. Moja aliliita kupita yote." Alisita, akasikiliza sauti za wanawake nje ya ukuta, na uso wake ukabadilika. "Mukubwa, hilo nilitaje pia?"

"Yote."

Yves alimzuia mlangoni. "Shefu, ukimutoa inje watamuua."

"Akibaki ndani watamuua vilevile. Simama kulia kwake."

Walipotokea, umati ulinguruma. Jiwe la kwanza lilimpiga Consolée begani. Hakujishika. Alisubiri mpaka aliyelitupa aone amempiga nani, kisha akapaza sauti.

"Huyu mutu alikuwa njiani ukuta ulipoanguka. Nina mashahidi. Mwalimu Célestin hakupigwa beleshi, muuguzi ameona mwili. Alibanwa tangu magaribi, akafa alfajiri. Katikati ya hapo aliita. Nataka musikie aliita nani."

"Anatudanganya!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Mugisho, sema."

Mchimbaji alitazama chini. Alisema polepole, kwa lafudhi ya kwao, kama mtu asomaye kitu asichokielewa.

"Iliasi. Iliasi, ndugu yangu, niko hapa ukutani."

Mzee wa cherehani alikuwa mstari wa mbele. Mkono wake ulienda kwenye kofia, ukabaki hapo.

"Aziza. Alisema, Aziza mwanangu." Ng'ambo kule mtu alipiga ukunga. "Octave. Alisema, Octave, ulisema kweli, njoo na watu. Kisha Christophe. Kisha akasema, Yvette, binti ya Christophe, leta hata taa."

Christophe alikuwa mtu wa miraba minne, na ndiye aliyeleta tairi. Alilitazama tairi lile. Jiwe lilianguka mahali fulani, halafu jingine, bila kutupwa, yakiteleza tu mikononi. Mugisho alitaja majina mengine, na kila jina lilimwendea mwenyewe likamkuta. Hakuna aliyesema uongo tena. Octave mwashi alikuwa ameketi chini matopeni, akilia kwa sauti kama mtoto.

Kisha Mugisho akanyamaza.

"Iko moja limebaki," Consolée alisema.

Mugisho aliinua macho kwenye mkeka. Mchana kutwa, kupitia ukuta wa kasho, alikuwa amesikia wanawake wakimwita mjane kwa jina lake. Mjane huyo alikuwa ameomba yeye Mugisho auawe, tena si mara moja.

"Lile la mwisho sikusikia muzuri," alisema. "Mvua ilikuwa imerudi."

Consolée alijua anadanganya, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakumkatiza shahidi mwongo.

Mama Deborah alisimama. Wanawake walitaka kumshika, akawaondoa mikono.

"Ni langu," alisema. "Usinifichie, mwanangu. Ni langu." Aliwageukia watu, lakini hakuwa akimwangalia mtu. "Nyumba yetu iko nyuma ya ile. Nilizani mvua imemuzuia kwa watu. Nikasikia ananiita kutoka mule ndani. Nikajua amekufa. Nikasema, Célestin amekufa huko alikokuwa, na sasa amekuja kunichukua. Nikazima taa. Nikaziba wajukuu masikio, mumoja huku, mumoja huku. Nikaanza kumulilia." Sauti ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Nilikuwa namulilia, na yeye ananiita."

Watu walianza kuondoka. Hawakukimbia na hawakuagana. Walikwenda mmoja mmoja, kila mmoja akiacha nafasi kati yake na mwenzake. Yves alilikokota tairi mpaka nyuma ya kasho. Consolée alikuwa anafikiria sheria inasema nini juu ya mtu anayemwacha mwenzake hatarini, na ni kasho gani mkoani Maniema ingetosha mtaa mzima.

Mjane alimwendea Mugisho. Aliushika ule mkono wenye kitambaa, akaugeuza, akautazama sana.

"Alikuwa na baridi?" akauliza.

"Ndiyo, mama," Mugisho alisema. "Alikuwa na baridi."